Bunduki ya mchezo, hatari ya kweli: Anayetaka kucheza easofti aanzie wapi?

MCHEZO wa kulengana kwa bunduki zinazofyatua vigololi vya plastiki, unaojulikana ulimwenguni kwa jina la easofti, unawafikia vijana wa Afrika Mashariki kupitia video za simu. Anayezitazama huona watu waliovalia magwanda ya kijeshi wakiviziana vichakani, wakilengana, na mwishowe wakiondoka pamoja huku wakicheka.

Asichokiona katika video hizo ni sheria iliyowaruhusu wachezaji wale kushika vifaa vile, uwanja waliokodi, bima waliyolipia na mwamuzi anayewakagua kabla ya kuingia. Huona bunduki tu, na kwa kuwa bunduki hiyo inauzwa mtandaoni, hudhani kwamba kuinunua ndiyo hatua ya kwanza ya kuwa mchezaji.

Dhana hiyo ni ya hatari kwa kijana wa mahali kama Salama, kituo cha biashara kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Mombasa, katika eneobunge la Kilome, Kaunti ya Makueni. Hapo malori, mabasi na matatu hupita usiku na mchana, na kifurushi kilichotumwa kutoka Nairobi asubuhi chaweza kumfikia mwenyewe kabla ya jua kutua.

Barabara hiyo hiyo ina vizuizi vya polisi, na ina historia ndefu ya visa vya uporaji wa malori na wasafiri. Anayebeba kitu chenye umbo la bastola au bunduki katika njia hiyo, hata kiwe cha plastiki, anabeba jambo ambalo hawezi kulieleza kwa sekunde mbili.

Hoja ya makala haya ni kwamba, nchini Kenya, anayetaka kuingia katika mchezo huu kwa usalama na kwa mujibu wa sheria hana budi kuanza na uwanja. Bunduki ije mwisho, na pengine isije kabisa.

Mchezo wenyewe ni upi?

Easofti ulianzia Japani katika miaka ya 1970, katika nchi ambayo raia wa kawaida hawezi kumiliki bastola. Waliotamani sura ya silaha bila madhara yake wakatengenezewa mfano unaofyatua kigololi chepesi kwa nguvu ya springi, gesi au betri. Kutoka huko ukaenea Asia, Ulaya na Marekani.

Kigololi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 6 na uzani wa gramu 0.20 hivi. Kikitoka katika mtutu kwa kasi ya mita 100 kwa sekunde, kinabeba nishati ya jouli 1. Risasi ya bastola ya milimita 9 hubeba takriban jouli 500, na ile ya bunduki aina ya AK-47 takriban jouli 2,000.

Tofauti hiyo ni kubwa mno, na ndiyo inayoufanya mchezo uwezekane. Kigololi kikimpata mtu mgongoni kupitia shati huacha uvimbe mdogo unaopona baada ya siku chache.

Hata hivyo, jouli 1 inatosha kabisa kupasua mishipa ndani ya jicho, na mtu aweza kupofuka. Yatosha pia kuvunja jino la mbele. Kwa sababu hiyo, nchi ambazo mchezo huu umekita mizizi hazibishani kuhusu miwani: asiyekuwa nayo haingii, awe mchezaji, mwamuzi au mtazamaji aliyesimama kando ya uwanja.

Mchezo huu una jamaa yake anayejulikana zaidi humu nchini, nao ni peintiboli, ambapo vidonge vya rangi hupasuka mwilini na kuacha alama. Peintiboli umekuwa ukichezwa katika viwanja vya kulipia jijini Nairobi kwa miaka mingi. Vifaa vyake vina tangi la hewa na havifanani sana na silaha za vita. Bunduki ya easofti, kinyume chake, hutengenezwa makusudi ili ifanane na silaha halisi kwa umbo, rangi na hata uzani.

Kufanana huko ndiko kunakoupa mchezo mvuto wake. Ndiko pia kunakozusha matatizo yote ya kisheria na ya kiusalama.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, haiutaji mchezo wa easofti kwa jina. Ni sheria iliyotungwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, kabla mchezo wenyewe haujabuniwa. Lakini ukimya huo si ruhusa.

Kwanza, tafsiri ya silaha katika sheria hiyo haikomi kwenye baruti. Inazungumzia chombo chenye mtutu kinachoweza kuua, ambacho hufyatua risasi, mshale au kitu kinginecho, pamoja na kile kinachoweza kurekebishwa ili kifanye hivyo. Ni rahisi kwa muuzaji wa mtandaoni kudai kwamba bidhaa yake haiwezi kuua. Anayeshikwa nayo ndiye atakayelazimika kuthibitisha dai hilo, mbele ya mtaalamu wa silaha wa polisi na baadaye mbele ya hakimu.

Maana ya silaha ikishatimia, hakuna mjadala. Kifungu cha 4 kinakataza kununua, kupata au kuwa na silaha bila cheti. Mamlaka ya kutoa cheti hicho yako mikononi mwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, iliyoundwa kupitia marekebisho ya sheria za usalama yaliyotiwa saini Desemba 2014. Bodi hiyo hiyo ndiyo iliyopewa jukumu la kusajili na kusimamia viwanja vya kulengea shabaha.

Pili, sheria hiyo inatambua kitu kinachoitwa silaha bandia, yaani chochote chenye sura ya silaha, kiwe kinaweza kufyatua au kisiweze. Kifungu cha 34 kinamtia hatiani anayetumia silaha bandia kwa nia ya kutenda uhalifu. Mchezaji halali hana nia hiyo. Lakini nia haionekani kwa macho, na kijana aliyekutwa na bastola ya plastiki kiunoni saa tatu usiku kando ya barabara ya Mombasa atakuwa na kazi kubwa ya kuieleza yake.

Tatu, ipo sheria ya forodha. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambayo inazihusu pia Tanzania, Uganda na wanachama wengine, inaweka silaha zilizo katika Sura ya 93 ya orodha ya kimataifa ya bidhaa katika kundi la bidhaa zenye masharti. Ndani ya sura hiyo mna fungu linalotaja waziwazi bunduki na bastola za springi, za hewa na za gesi.

Vitu vya watoto vya kuchezea, kwa upande wake, viko katika Sura ya 95. Tofauti kati ya namba hizo mbili huenda ikaonekana ndogo kwa anayebonyeza kitufe cha kununua akiwa Salama, Emali au Wote. Kwa afisa wa forodha anayefungua kifurushi, ndiyo tofauti kati ya kutoza ushuru na kumwita polisi.

Wapo wauzaji wa ng'ambo wanaotuma bunduki hizi kwa maandishi ya kwamba ndani mna kidude cha mtoto. Mnunuzi asijidanganye kwamba maandishi hayo yanamkinga. Jina lililo juu ya kifurushi ni lake, na tamko la uongo kwa forodha ni kosa jingine juu ya kosa la kwanza.

Jicho la askari

Tuseme sheria ingekuwa wazi kabisa. Bado lingebaki suala la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza.

Polisi nchini Kenya wametangaza mara nyingi kwamba wamenasa bastola bandia mikononi mwa washukiwa wa wizi. Mwathiriwa hajui tofauti, na mwizi anajua kwamba mwathiriwa hajui. Ndiyo maana kipande cha mti au cha plastiki kilichopakwa rangi nyeusi kimetosha kuwapora watu simu, pikipiki na mauzo ya siku nzima dukani.

Mahakama nazo hazihitaji bastola iwe ya kweli ili kutoa adhabu kali. Chini ya kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu, wizi wa mabavu huthibitishwa pia iwapo mshtakiwa alikuwa pamoja na mwenzake, au alimpiga au kumjeruhi mwathiriwa. Adhabu iliyoandikwa katika kifungu hicho ni kifo, ingawa Kenya haijamnyonga mfungwa yeyote tangu mwaka 1987. Vijana wawili wanaodhani kwamba kumtishia mwendesha bodaboda kwa bunduki ya plastiki ni mzaha tu wanacheza na kifungu hicho.

Kwa hiyo askari anapoona kitu chenye sura ya bastola, uzoefu wake unamwambia mambo mawili: huenda ni bandia, na huenda si bandia. La kwanza likiwa kosa, atakufa yeye. Hatari yote ya mchezaji wa easofti inakaa katika hesabu hiyo.

Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011 linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na linaruhusu bunduki itumiwe pale tu ambapo maisha yamo hatarini au katika hali nyingine chache zilizotajwa. Ipo pia Mamlaka Huru ya Kuangalia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ambayo huchunguza vifo vinavyosababishwa na polisi. Lakini uchunguzi huja baada ya mazishi.

Ulimwengu una mfano ambao kila mzazi anapaswa kuujua. Novemba 22, 2014, katika jiji la Cleveland nchini Marekani, mtoto wa miaka 12 aitwaye Tamir Rice alikuwa akichezea bustani ya umma akiwa na bastola ya easofti. Sheria ya shirikisho ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1988, inataka bunduki za kuchezea ziwe na alama ya rangi ya chungwa kwenye ncha ya mtutu. Ile ya Tamir haikuwa nayo tena.

Mtu aliyepiga simu polisi alisema kwamba huenda bastola hiyo ni bandia, lakini maneno hayo hayakuwafikia maafisa waliotumwa. Gari lao lilipofika, afisa mmoja alifyatua risasi ndani ya muda wa sekunde mbili hivi. Mtoto alifariki siku iliyofuata. Baraza la mahakama lilikataa kuwashtaki maafisa hao mwaka 2015, na mwaka uliofuata jiji likakubali kuilipa familia dola milioni 6.

Yalitokea hayo katika nchi yenye sheria ya rangi ya chungwa, na ambako mchezo wenyewe umezoeleka. Katika nchi ambayo askari wengi huenda hawajapata kusikia jina easofti, muda wa kueleza ni mfupi zaidi.

Wenzetu walifanyaje?

Uingereza ilikabili tatizo hili kwa Sheria ya Kupunguza Uhalifu wa Vurugu ya mwaka 2006. Kuanzia Oktoba 1, 2007, ilikuwa marufuku kuuza, kuunda au kuingiza nchini humo bunduki bandia inayofanana mno na ya kweli. Ile ya rangi za kung'aa, kama vile nyekundu, njano au buluu, iliruhusiwa, lakini kwa mnunuzi aliyefikisha umri wa miaka 18.

Wachezaji wa easofti waliachiwa mlango mmoja. Anayethibitisha kwamba bunduki ni ya kutumiwa katika mchezo ulioandaliwa rasmi, wenye bima ya kuwafidia watu wengine, huruhusiwa kununua. Kwa vitendo, kijana wa Kiingereza huanza kwa kuhudhuria uwanja mara kadhaa akitumia vifaa vya kukodi. Uwanja ukishamjua, ndipo anapoweza kununua bunduki yake. Mwaka 2017 sheria nyingine ikaweka kipimo: jouli 1.3 kwa bunduki inayofyatua mfululizo, na jouli 2.5 kwa ile ya kigololi kimoja kimoja. Kinachovuka hapo hakihesabiwi tena kuwa easofti.

Japani yenyewe, iliyouzaa mchezo, iliweka kikomo cha karibu jouli 1 mwaka 2006, baada ya bunduki zilizoongezwa nguvu kutumiwa kuwadhuru watu na mali.

Ukitazama nchi hizo mbili utaona jambo moja linalojirudia. Kila moja ilichora mstari kwa namba inayopimika, na Uingereza ikaufungamanisha mchezo na mahali maalumu. Hakuna iliyomwachia mnunuzi aamue mwenyewe kama alichonacho ni silaha au ni kidude cha kuchezea.

Anayetaka kuanza afanye nini?

Kwa msomaji wa Salama, Kibwezi, Kitui au kwingineko anayevutiwa na mchezo huu, hatua ya kwanza ni kutafuta uwanja. Peintiboli jijini Nairobi ni mlango mzuri, kwa sababu unafundisha nidhamu ile ile: kuvaa kinga ya uso, kumtii mwamuzi na kukubali kwamba umepigwa. Anayegundua baada ya siku moja kwamba hapendi kulengwa atakuwa amepoteza nauli na kiingilio tu.

Kabla ya kulipa, aulize maswali manne. Je, wenye uwanja wana idhini gani na kutoka kwa nani? Je, wana bima? Je, vifaa vyao vimepimwa kasi, na kikomo ni kipi? Je, nani atamhudumia anayeumia, na hospitali ya karibu iko wapi? Mwenye uwanja anayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuyajibu.

Hatua ya pili ni macho. Miwani inayofaa huziba pande zote, hushikiliwa kwa mkanda na imetengenezwa kuhimili kishindo. Miwani ya jua haifai, na miwani ya fundi wa kuchomelea haifai, kwani haikuundwa kwa kazi hiyo. Kinga ya kufunika pua na mdomo huokoa meno. Ukungu ukiingia kwenye miwani katikati ya mchezo, mchezaji huinua mkono na kuondoka uwanjani. Kuivua hapo hapo kwa sekunde moja ili kuipangusa ni kosa ambalo limewapofusha watu.

Hatua ya tatu ni kujifunza kuishika bunduki ya kukodi kana kwamba ni ya kweli. Mtutu huelekezwa chini wakati wote nje ya mchezo. Kidole hakigusi kifyatulio mpaka shabaha ionekane. Mchezo ukisimama, kasha la vigololi huchomolewa, bunduki hufyatuliwa mara moja kuelekea mahali salama ili kutoa kigololi kilichobaki ndani, kisha kizuizi hufungwa na mtutu huvikwa kifuniko. Hakuna kumlenga mtu kwa karibu sana, wala kufyatua bila kuangalia.

Tena, mchezo huu hauna alama ya rangi mwilini kama ule wa peintiboli. Anayepigwa husema mwenyewe kwamba amepigwa na kutoka. Asiye mwaminifu hauwezi.

Hatua ya nne, kwa anayeona kwamba lazima awe na chake, ni kuuliza kwa maandishi kabla ya kuagiza chochote. Barua kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Silaha, ikieleza aina ya kifaa, nguvu yake kwa jouli na mahali kitakapotumiwa, ni kinga kubwa kuliko ushauri wa rafiki au wa muuzaji. Jibu likiwa hapana, habari inaishia hapo. Asipojibiwa, kukosa jibu kusichukuliwe kuwa ndiyo.

Hatua ya tano ni usafiri. Hata kifaa kilichoruhusiwa hakibebwi kiunoni, mkononi wala begani. Hukaa ndani ya mfuko uliofungwa, kikiwa kimetolewa vigololi na betri, pamoja na nakala ya idhini. Kwenye kizuizi cha polisi, mwenye nacho huwa wa kwanza kusema, kwa sauti ya utulivu na mikono ikionekana, kabla mfuko haujafunguliwa. Asiingize mkono mwenyewe kuonyesha kwamba ni bandia. Anayechomoa kitu chenye umbo la bastola ili athibitishe kwamba si bastola amefanya lile hasa linaloogopwa na askari.

Magwanda ya kijeshi nayo yaachwe. Kuvaa sare zinazofanana na za majeshi ya Kenya ni kosa linaloweza kumfikisha mtu mahakamani hata akiwa mikono mitupu. Nguo za kawaida za kazi zatosha kabisa kwa mchezo.

Mwisho, picha. Kijana anayejipiga picha na bunduki bandia na kuitundika mtandaoni bila maelezo amewapa wapelelezi sababu ya kumtembelea, na amewapa wezi sababu ya kumtembelea kabla yao.

Desturi iliyokuwapo

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya wageni, na kwamba Ukambani haina haja nayo. Hoja hiyo inasahau historia. Wakamba walisifika kwa upinde na mshale kabla reli haijafika, na wakati wa ukoloni wakawa miongoni mwa jamii zilizotoa wanajeshi wengi katika kikosi cha King's African Rifles. Kulenga shabaha si jambo geni katika Makueni wala Kitui.

Ila mila hiyo ilikuwa na taratibu zake. Mtoto alianza na upinde mdogo usioweza kuua. Mshale wa wawindaji, uliopakwa sumu iitwayo ivai, ulivikwa kipande chembamba cha ngozi kwenye ncha, ili sumu isikauke na ili mbebaji asijidhuru wala asimdhuru mwenzake. Ngozi ilifunuliwa wakati wa kulenga ulipowadia.

Kifuniko cha mtutu kinachotumiwa na wachezaji wa easofti leo kinafuata busara hiyo hiyo: chenye kudhuru hufunikwa mpaka mahali pake na wakati wake. Kilichopotea hapa katikati ni mahali. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977, na kijana wa sasa mwenye hamu ya kulenga hana mzee wa kumsimamia wala uwanja wa kwenda. Anayo simu.

Serikali isikae kimya

Kenya ina sababu za kuwa kali kuhusu silaha. Ndiyo nchi iliyoupa jina Mkataba wa Nairobi wa mwaka 2004 kuhusu silaha ndogo ndogo katika Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika. Mwaka 2016 ilichoma hadharani zaidi ya silaha 5,000 zilizonaswa. Mwishoni mwa 2018 Waziri wa Usalama wa wakati huo, Fred Matiang'i, aliwaamuru wote wenye leseni za bunduki wapigwe msasa upya. Wakazi wa maeneo ya Kitui yanayopakana na Tana River, ambao wameshuhudia mashambulizi ya watu wenye bunduki, hawahitaji kuelezwa kwa nini ukali huo upo.

Pamoja na hayo, michezo ya shabaha haijakatazwa. Kirigiti, katika Kaunti ya Kiambu, kuna uwanja wa kulengea ambao umeandaa mashindano ya kimataifa ya wenye bastola halisi zenye leseni. Ni jambo la kushangaza kwamba mwenye bastola ya kweli anajua wazi anapopaswa kwenda na anachopaswa kujaza, ilhali mwenye kifaa cha jouli 1 anabaki kubahatisha.

Bodi yaweza kuondoa utata huo kwa tangazo moja linalosema mambo matatu: kipimo cha nguvu ambacho kifaa kikikizidi kinakuwa silaha, rangi na umbo linaloruhusiwa nje ya uwanja, na masharti ya kusajili viwanja. Mamlaka ya Ushuru ingepata cha kufuata bandarini na kwenye uwanja wa ndege. Askari wa kizuizini angejua anachokitazama.

Serikali za kaunti nazo zina nafasi. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa kaunti jukumu la burudani za umma pamoja na shughuli na viwanja vya michezo. Makueni haiwezi kutoa leseni ya bunduki, lakini yaweza kuweka masharti ya uwanja: uzio, bima, huduma ya kwanza na umri wa wachezaji. Ardhi iko, barabara iko, na wateja wa Nairobi hawako mbali. Uwanja mmoja uliosajiliwa vizuri ungeleta ajira kidogo. Muhimu zaidi, ungempa kijana mwenye hamu mahali ambapo bunduki za mchezo hukaa, hukodishwa, hutumiwa na kurudishwa, bila hata moja kupanda matatu.

Mpaka hapo tangazo litakapotoka, mzazi anayeona bastola nyeusi ya plastiki katika mkoba wa mwanawe asicheke. Aiulize ilikotoka na inakokwenda. Wazazi hununua bunduki za rangi kwa watoto msimu wa Krismasi na wa Idi, na hizo hazimtishi mtu. Kinachotisha ni ile ambayo mzazi mwenyewe, akiiona kwa mbali jioni, angesita kabla ya kusema kwamba si ya kweli. Akisita yeye anayemjua mwanawe, askari asiyemjua atafanya nini?